Safari Yenye Tarehe ya Kurudi

Jumapili moja mwezi wa pili, nikiwa natoka kanisani, simu ililia. Ilikuwa sauti ya Yaya kwenye WhatsApp, dakika nne nzima. Mnaonifahamu hapa kundini mnajua Yaya ni dada yangu mkubwa, yuko Ubelgiji. Sauti ndefu kutoka kwake kawaida ina maana mbili tu: kuna pesa imetumwa, au kuna mtu amekufa. Hii haikuwa pesa wala msiba. Alisema:

"Mdogo wangu, nataka unipangie konje. Siku saba hivi. Ku kisiwa kimoja cha Ugiriki, pahali pa kimya. Wewe njo unajuaka mambo ya kutafuta mu simu."

Konje, kwa wasio Wakongomani, ni likizo. Nilisimama pale njiani nikacheka peke yangu, mpaka mama mmoja aliyebeba kuni akaniangalia vibaya. Mimi, kijana wa Rwamwanja, ambaye safari yangu ndefu mwaka jana ilikuwa kwenda Kamwenge mjini na kurudi, eti nipange likizo ya kisiwani Ulaya!

Nilimuuliza kwa nini hatafuti mwenyewe, wakati yeye yuko huko na intaneti yake haikatiki. Akakaa kimya kidogo. Akasema kila akiandika maneno "kisiwa, Ugiriki" kwenye simu, picha zinazokuja ni zile. Maboti ya mpira, makoti ya kuogelea ya rangi ya chungwa. Simu inamkumbuka kuliko anavyotaka.

Hapo nikaelewa, nikaacha kucheka.

Yaya alipita Ugiriki mwaka 2018. Jinsi alivyofika Uturuki siiandiki hapa, maana wapo wadogo zetu wanaosoma na sitaki mtu achukue ramani kwenye maneno yangu. Nitasema tu kwamba kati ya Uturuki na kisiwa cha Samos kuna mahali ambapo maji hayafiki hata kilomita 2. Mchana unaona nyumba za ng'ambo. Yeye alivuka usiku. Walikuwa wengi kwenye boti, na mmoja wa wale waliokaa karibu naye hakufika. Zaidi ya hapo hajawahi kutuambia, na sisi hatumuulizi.

Samos alikaa zaidi ya mwaka. Kambi ya pale ilikuwa imejengwa kwa watu 648, na kipindi kile walikuwa maelfu, wengi wao kwenye mahema mlimani nje ya ua. Mume wake alikuwa ametangulia Ubelgiji, basi kesi yake ikashughulikiwa kama ya kuunganisha familia. Siku ruhusa ilipotoka, alipanda meli kubwa ya abiria kwenda Piraeus, bandari ya Athens. Usiku meli ikasimama dakika chache mahali panapoitwa Evdilos, kwenye kisiwa cha Ikaria.

Hiyo hadithi tunaijua sote nyumbani, maana ndiyo pekee ya safari ile anayopenda kusimulia. Alikuwa amesimama kwenye sitaha, anaona taa chache za bandari. Watu wakashuka na mizigo yao: mifuko, maboksi, mtoto amelala begani. Bibi mmoja mzee alikuwa anangoja pale chini na koti lake jeusi. Mjukuu akamkimbilia. Halafu meli ikafunga mlango ikaondoka. Basi, ni hivyo tu. Lakini Yaya alijiambia: kuna siku nami nitashuka hapa, kama mtu anayeshuka tu.

Kwa hiyo kisiwa kilikuwa kimeshachaguliwa. Kazi yangu ilikuwa kukifahamu.

Nilinunua bando la wiki, nikaanza. Na niwaambie ukweli, siku tatu za kwanza nilifurahi sana. Ikaria iko mashariki ya Bahari ya Aegean, magharibi ya Samos. Ni kisiwa cha milima, chenye watu kama 8,000, hakina mahoteli makubwa. Jina lake linatokana na Ikaro, kijana wa hadithi ya kale ya Wagiriki. Yeye na baba yake walitoroka kifungo kwa mabawa ya manyoya na nta. Akapaa juu mno, jua likayeyusha nta, akaanguka baharini karibu na hapo. (Hiyo hadithi sikumsomea Mama. Mtaelewa mbele kwa nini.)

Nilijifunza kwamba kisiwa kina bandari mbili, Agios Kirykos upande wa kusini na Evdilos upande wa kaskazini, na katikati kuna mlima. Ukishuka bandari isiyo yako utalipa teksi karibu saa nzima ya kona kali. Nilijifunza kwamba mwezi wa saba na wa nane unavuma upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi, na ukizidi meli haziruhusiwi kutoka bandarini. Kwa hiyo mtu mwenye akili hapangi meli na ndege ya kurudi siku moja. Anaacha usiku mmoja Athens katikati. Nilijifunza kwamba tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, kisiwa kinajaa, watu wanacheza ngoma mpaka asubuhi. Anayetaka kimya aende Septemba: maji ya bahari bado yana joto, wageni wamerudi makwao, na bei ya vyumba imeshuka.

Pia nilisoma kwamba Ikaria inatajwa kati ya sehemu chache duniani ambako watu wengi hufikisha miaka 90 na kuendelea. Wanakula maharage, kunde, mboga za porini, asali, wanakunywa chai ya majani ya mlimani, na mchana wanalala. Hii nilijua Yaya ataipenda, maana kazi yake ni kutunza wazee kwenye nyumba moja huko Liège. Anawaogesha, anawageuza usiku, anawalisha.

Siku ya nne nikapiga hesabu. Ndege kwenda na kurudi, euro 210. Meli kwenda na kurudi, 96. Chumba Evdilos usiku sita kwa 45, ni 270. Usiku mmoja Athens, 60. Chakula siku nane, 200. Mabasi na teksi, 80. Jumla euro 916.

Nikabadilisha kuwa shilingi za Uganda. Zaidi ya milioni tatu na nusu.

Ndugu zangu, hapo furaha ilikauka. Niliinua macho nikaona mabati yetu. Tuliyaweka mwaka 2014, na sasa yametoboka hivi kwamba mvua ikinyesha tunahamisha godoro mara mbili kwa usiku. Nina ada ya chuo niliyolipa nusu. Binamu wawili wanasoma sekondari kwa pesa hiyo hiyo ya Yaya. Na hapa mtu anataka kutumia milioni tatu na nusu kwenda kuangalia maji!

Sikumjibu. Siku ya tano sikumjibu, ya sita vilevile. Akaandika, "Umeshapata?" Nikaandika, "Bado natafuta, network mbaya." Network ilikuwa nzuri tu. Mpango ulikuwa tayari kwenye daftari. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu kwamba nina hasira, na hivyo viwili vikikaa pamoja mtu hawezi kuandika hata sentensi moja. Siku tisa niliendelea hivyo.

Mwishowe nikamwambia Mama. Nilidhani atakuwa upande wangu kwa sababu ya mabati. Kumbe yeye mabati hakuyataja hata kidogo. Alichosema ni:

"Mu maji tena? Anaenda tafuta nini mu ile maji? Ni ileile ilitaka kumumeza."

Nikamweleza kwamba safari hii atapanda meli kubwa, yenye kiti, yenye tikiti ya jina lake. Akasema konje ni ya wazungu, sisi tukipata siku ya kupumzika tunafua. Nikamsomea basi habari za wazee wa Ikaria, ili abadilishe mawazo. Alisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye maharage na mboga za porini, akanikatiza:

"Maharage? Sisi njo tunakulaka maharage kila siku! Basi hapa Rwamwanja tutafika miaka mia mbili."

Tulicheka wote mpaka jirani akauliza kuna nini. Lakini alipomaliza kucheka alisema, "Mwambie aache."

Usiku huo sikulala. Nikarudi kwenye simu kusoma historia ya kile kisiwa, nadhani nilikuwa natafuta sababu ya kumkataza. Nikasoma kwamba katika miaka ya 1940 serikali ya Ugiriki ilipeleka huko maelfu ya watu wa mrengo wa kushoto kama wafungwa wa kisiasa, akiwemo mwanamuziki Mikis Theodorakis, na kwamba wengi waliishi vijijini kati ya wenyeji. Nikarudi nyuma kidogo, wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani na Italia yaliishika Ugiriki, na njaa kubwa ikaingia. Watu wa visiwa vya upande huo, Chios, Samos, Ikaria, walipanda maboti madogo usiku wakavuka kwenda Uturuki.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Ni maji yaleyale ya Yaya, ila wao walivuka wakielekea upande wa pili.

Kutoka Uturuki, Waingereza na serikali ya Ugiriki iliyokuwa uhamishoni waliwatawanya: wengine Syria, Palestina, Cyprus, wengine Ethiopia na Tanganyika. Na wengine, ndugu zangu, walipelekwa Kongo. Kongo ya Wabelgiji, kama ilivyoitwa wakati ule. Wagiriki wa visiwani waliokimbia vita walikuja kuhifadhiwa kwetu.

Asubuhi nilimsomea Mama kabla hata ya chai. Hakuniamini. "Wazungu walikuwa wakimbizi? Kongo?" Nikamwambia hata hapa Uganda walikuwepo: Wapolandi walikaa kambi ya Nyabyeya kule Masindi, na Koja karibu na Ziwa Victoria, na kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama. Mama akanyamaza, anakoroga uji. Halafu akauliza swali moja tu:

"Na walirudi kwao?"

"Vita ilipoisha, wengi walirudi."

Hakusema kitu. Aliendelea kukoroga uji ulioiva zamani. Sisi tulitoka Rutshuru mwaka 2012, nikiwa na miaka minane. Tulivuka Bunagana kwa miguu, tukalala Nyakabande kule Kisoro, halafu malori yakatuleta hapa. Mama alifunga mlango wa nyumba yetu kwa kufuli siku tunaondoka. Ufunguo anao mpaka leo, upo kwenye kopo la sukari. Nyumba haipo.

Mchana ule nilimpigia Yaya. Sikutuma ujumbe, nilipiga. Nikamwambia ukweli wote: kwamba mpango upo tayari tangu wiki iliyopita, kwamba nilidanganya kuhusu network, kwamba nilihesabu pesa nikaona mabati. Nilitegemea anikemee au alie. Hakufanya hivyo. Aliongea polepole, kama mtu aliyetoka kazi ya usiku, na kweli ndiko alikotoka.

Alisema toka ameanza kazi hajawahi kuchukua likizo akaenda mahali. Siku za likizo anazichukua, ila anaenda kufanya usafi sehemu nyingine ili pesa ya huku itoshe. Alisema mgongo unamuuma. Alisema kuna mzee mmoja anayemtunza, kila siku anamuuliza, "Na wewe binti, unapumzika lini?" na yeye kila siku anajibu, "Karibuni." Halafu akasema:

"Sitaki kwenda sababu mi ni tajiri. Nataka kuona ile maji mchana. Nikae kando yake, hakuna mtu ananifukuza, hakuna mtu nangojea. Nikichoka nirudi ku chumba. Basi."

Nilimwomba msamaha. Akaniambia niache mambo ya msamaha nimsomee mpango.

Tulijaza fomu ya ndege pamoja, yeye kwenye kompyuta yake, mimi nikimwelekeza kwa simu. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwaka jana alipata uraia, ana pasipoti sasa. Tarehe ya kuondoka: 12 Septemba. Halafu ile fomu ikauliza tarehe ya kurudi.

Wote wawili tulinyamaza. Sijui kama kwenu ni hivyo, lakini kwenye ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kujaza kisanduku hicho. Kutoka Rutshuru hatukuwa na tarehe ya kurudi. Lori la Nyakabande halikuwa na tarehe ya kurudi. Yaya alipotuaga hapa mlangoni hatukuthubutu hata kuiuliza. Safari zetu zote zilikuwa za kuondoka. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo mtu amechagua siku, amechagua mahali, na anajua siku gani ataweka ufunguo wake kwenye mlango wake na mlango utafunguka.

"Andika tarehe 19," nikamwambia. Akaandika.

Mpango wenyewe ni huu, kwa wale wanaopenda mambo kamili. Tarehe 12 ndege mpaka Athens, jioni meli kutoka Piraeus, saa saba hivi baharini, anafika Evdilos usiku kama alivyopaona mara ya kwanza. Nimempata mwenye chumba ambaye amekubali kumngoja bandarini. Asubuhi halazimiki kufanya chochote, hilo nimeliandika kabisa kwenye mpango: "Jumapili: hakuna." Siku inayofuata atatembea mpaka Kampos, kijiji cha jirani chenye ufukwe, si mbali kwa miguu. Siku moja atapanda kwenda Christos, kijiji cha mlimani, maarufu kwa sababu maduka yake yanachelewa kufungua na yako wazi mpaka usiku mwingi. Siku moja nimeiacha wazi. Kama akitaka kuingia majini ataingia, kama hataki hataingia. Tarehe 18 meli ya kurudi, usiku mmoja Athens kwa ajili ya upepo, tarehe 19 nyumbani.

Kuhusu mabati: hatukununua yote. Yaya alipunguza siku moja ya chakula cha hotelini, mimi nilipata kazi ya kutafsiri wiki mbili, tukaweka mabati kumi na mawili upande wa Mama. Upande wangu bado unavuja. Nimeweka ndoo.

Mama naye hajakubali moja kwa moja. Ila wiki iliyopita nilimsikia anamwambia jirani kwamba binti yake anaenda konje kwa watu ambao babu zao walikimbilia Kongo, "basi watampokea vizuri, wanajua." Na amenipa ujumbe wa kumfikishia Yaya: apige picha akiwa amekaa kando ya maji, si ndani. Kando.

Nimeandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwetu vijana. Wengi wetu tuna mtu nje anayetuma pesa, na tunajua tarehe anayotuma kuliko tunavyojua siku yake ya kuzaliwa. Mpigie mara moja bila shida yoyote, umuulize alilala lini vizuri. Mimi ilinichukua miaka na hesabu ya euro 916 ndiyo nikauliza.

Ya pili ni kwa dada na kaka zetu wa mashirika mnaosoma hapa. Ijumaa tunaona magari yenu yakielekea Fort Portal na Kampala, na hakuna anayeona vibaya. Kazi ni ngumu, mtu lazima apumzike. Kwenye dodoso zenu mnatuuliza kuhusu maji, chakula, kuni, usalama, na ni vizuri. Siku moja mtuulize pia, kama mngeweza kwenda popote siku saba halafu mrudi, mngekwenda wapi? Mtashangaa jinsi watu watakavyochelewa kujibu. Mimi mwenyewe niliulizwa na Yaya siku ile kabla hatujakata simu, na sikuwa na jibu.

Sasa ninalo. Ningependa kwenda Rutshuru, mwezi wa sita, wakati wa kiangazi. Siku saba. Nikatazame kiwanja chetu, nikae kando yake, nikichoka nirudi.

Na nyinyi je? Andikeni mahali, na msisahau tarehe ya kurudi.